Namba, Jina na Mwenye Jina: Utambulisho wa Michakato katika Kiini cha Linux na Istilahi Zake kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika soko la Tengeru, mashariki ya jiji la Arusha kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru, mfanyabiashara wa ndizi hupokea malipo kwa simu, humwandikia ujumbe mteja wake aliyeko Moshi, husikiliza redio na kupiga picha ya mkungu, yote kwa chombo kimoja kilichomo kiganjani mwake. Kila moja ya kazi hizo huendeshwa ndani ya simu na mchakato mmoja au zaidi. Simu nyingi za namna hiyo hutumia mfumo wa Android, na chini ya Android kuna kiini cha Linux. Kiini hicho hicho ndicho kinachoendesha sehemu kubwa ya seva za mtandao wa intaneti. Kazi yake ni kugawa kumbukumbu, kupanga zamu za michakato, na kusimamia mawasiliano kati ya programu na mitambo. Aidha, kiini ndicho kinachoupa kila mchakato namba yake unapozaliwa, na kuirudisha namba hiyo ghalani mchakato unapokwisha.

Mhadhara huu unahusu namba hiyo. Swali lake la msingi ni fupi: namba inapotajwa, nani anayeitika? Kwa wahandisi wa kompyuta, swali hili ni la usalama na la uthabiti wa mfumo. Kwa wanaisimu, ni swali la kale la urejeleo, yaani uhusiano kati ya jina na kitu kinachoitwa kwa jina hilo. Hoja inayotetewa hapa ina pande mbili. Kwanza, mabadiliko yaliyofanywa katika kiini cha Linux tangu mwaka 1991 yanaonesha kwamba jina linaloweza kupewa mwingine halitoshi kumtambulisha mwenyewe. Pili, istilahi za Kiswahili zisipoitenganisha namba ya mchakato na kitu kinachoushika mchakato wenyewe, mwanafunzi wa Kiswahili atanyimwa somo ambalo wahandisi walilipata kwa miaka mingi na kwa makosa mengi.

2.0 Mchakato na Namba Yake

Inafaa kuanza kwa kutenganisha programu na mchakato. Programu ni maandishi yaliyohifadhiwa; mchakato ni programu hiyo ikiwa katika utendaji. Utenzi ulioandikwa kitabuni ni mmoja, lakini ukighanwa jioni moja Lamu na Tanga, kuna maghani mawili, kila moja likiwa na mghani wake, mahali pake na mwisho wake. Vivyo hivyo, programu moja ya kusomea barua pepe inaweza kuendeshwa na watu watatu katika seva moja, ikawa michakato mitatu. Kwa kuwa jina la programu halitoshi kuitofautisha, kila mchakato hupewa namba yake. Namba hiyo hujulikana kwa herufi PID.

Namba ya mchakato hutumika hasa pale mchakato mmoja unapotaka kuuambia mwingine jambo. Amri mashuhuri kuliko zote ni ile ambayo jina lake la Kiingereza lina maana ya "ua". Anayeitoa hutaja namba, na kiini hupeleka ishara kwa mchakato wenye namba hiyo. Hapo ndipo penye hatari. Tuseme msimamizi wa seva amesoma orodha na kuona kwamba mchakato namba 2417 umekwama. Kabla hajatoa amri, mchakato huo unakwisha wenyewe, na namba 2417 inapewa mchakato mwingine ambao kazi yake ni kuhifadhi kumbukumbu za malipo. Amri inapofika, anayeuawa ni asiyehusika. Kiini hakikukosea, kwa sababu kilitii namba. Msimamizi naye hakukosea, kwa sababu namba aliyoisoma ilikuwa sahihi wakati alipoisoma. Kosa limo katika pengo la wakati kati ya kusoma na kutenda.

Watumiaji wa simu za mkononi wanalijua pengo hili hata kama hawajawahi kusikia habari za kiini. Namba ya simu isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kurudishwa kwa kampuni na kugawiwa mteja mwingine. Ndugu wa Usa River anayeihifadhi namba ya zamani bado anaamini kwamba anamwandikia shemeji yake, kumbe ujumbe wa mambo ya nyumbani unasomwa na mtu asiyemjua. Namba ni ile ile. Mwenye namba si yule.

3.0 Marika na Mizunguko ya Majina

Tatizo la jina linalorudi tena halikuanza na kompyuta. Jamii za Afrika Mashariki zimelishughulikia kwa muda mrefu, na mazingira ya Mlima Meru yanatoa mfano mzuri. Miteremko ya magharibi na kusini-magharibi ya mlima huo inakaliwa na Waarusha, ambao lugha yao ya asili ni ya Kimaa. Upande wa mashariki na kusini-mashariki wanakaa Wameru, wasemaji wa lugha ya Kibantu iliyo jirani na lahaja za Kichaga. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika kitabu chake kuhusu Waarusha kilichotoka mwaka 1963, alieleza kwa kina jinsi marika na koo zilivyotumika kusuluhisha migogoro katika jamii hiyo.

Rika ni kundi la wanaume waliotahiriwa katika kipindi kimoja. Kundi hupewa jina, na jina hilo hufuatana nao kutoka ujana hadi uzee. Miongoni mwa majina yanayojulikana katika jamii za Kimaa ni Terito, Nyangusi, Seuri, Makaa, Landisi na Korianga. Mfuatano huo husonga mbele. Jina la zamani likitokea kutumika tena, hutumika baada ya muda mrefu, wala hakuna zamu maalumu inayolazimisha lirudi.

Kaskazini zaidi, ng'ambo ya mpaka, Wanandi wa Kenya wana utaratibu ulio tofauti. Majina yao ya marika ni saba: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi. Kila rika huchukua takribani miaka 15, kwa hiyo jina hurudi baada ya karne moja hivi. Kwa kanuni, jina linaporudi, waliokuwa nalo hapo awali wamekwisha kufariki. Mzunguko mrefu ndio kinga. Kijana anayeitwa Maina hawezi kuchanganywa na mzee wa Maina iliyopita, kwa kuwa mzee huyo hayupo tena.

Kiini cha Linux kimefuata njia iliyo karibu na ya Wanandi. Namba hutolewa kwa kupanda, moja baada ya nyingine, hadi kikomo. Kisha hesabu hurudi chini na kutafuta namba zilizo wazi. Inaporudi, haianzi tena mwanzo kabisa, bali huanzia 300, na namba zilizo chini ya hapo huachiwa michakato ya awali ya mfumo. Kwa miaka mingi kikomo cha kawaida kilikuwa namba 32,768. Katika mitambo ya biti 64 kikomo kinaweza kupandishwa hadi 4,194,304. Kiini kingeweza kutoa namba ndogo kuliko zote iliyo wazi, lakini kufanya hivyo kungeifanya namba ya marehemu irithiwe papo hapo. Mzunguko huchelewesha urithi huo, na kuchelewesha huko kumekusudiwa.

Ulinganisho huu una nukta moja zaidi inayostahili kuzingatiwa. Michakato inaweza kuungana katika kundi, na kundi huitwa kwa namba ya mchakato uliolianzisha. Mwanzilishi akifa huku wenzake wangali hai, namba yake haitolewi kwa mchakato mwingine mpaka wa mwisho katika kundi aondoke. Kanuni hiyo ni ile ile ya rika la Wanandi: jina ni la kundi, na halirudi kabla kundi halijaisha. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa. Mzunguko wa Wanandi huchukua karne moja, ilhali mzunguko wa kiini, katika seva yenye shughuli nyingi na kikomo cha 32,768, unaweza kukamilika kwa muda mfupi sana. Zaidi ya hayo, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuuharakisha kwa makusudi, kwa kuzaa na kuua michakato mfululizo. Kinga inayotegemea urefu wa muda huanguka pale muda unapoweza kufupishwa na adui.

4.0 Kutoka Orodha Hadi Ramani

Linus Torvalds alipotoa toleo la kwanza la Linux mwezi Septemba 1991, jedwali la michakato lilikuwa na nafasi 64 tu. Kutafuta namba mpya kulikuwa kazi nyepesi: ongeza moja juu ya namba iliyotolewa mwisho, kisha pitia jedwali lote kuhakikisha kwamba hakuna anayeitumia. Utaratibu huo unafanana na karani anayeita majina ya watu wote ukumbini kila anapotaka kumsajili mgeni mmoja. Ukumbi wa watu 64 hauna shida. Ukumbi wa maelfu una shida kubwa.

Mwaka 2002, wakati wa kutayarisha toleo la 2.6, utaratibu huo ulibadilishwa. Ingo Molnar na wenzake waliweka ramani ya biti, ambamo kila namba ina biti yake: 1 ikiwa imechukuliwa, 0 ikiwa iko wazi. Ukurasa mmoja wa kumbukumbu wenye baiti 4,096 una biti 32,768, hivyo kikomo cha kawaida kilienea kikamilifu katika ukurasa mmoja. Karani hakulazimika tena kuita majina. Alitazama ubao wa viti na kuona kilicho kitupu. Katika toleo la 4.15, lililotolewa Januari 2018, ramani hiyo nayo ilipisha muundo wa mti wa namba ambao tayari ulikuwa ukitumika katika sehemu nyingine za kiini. Msimbo ulipungua, na utoaji wa namba kwa mzunguko ukabakizwa.

Mabadiliko hayo yaliboresha kasi, lakini hayakugusa swali la nani anayeitika. Hatua ya kwanza kuelekea swali hilo ilichukuliwa ndani ya kiini chenyewe mwaka 2006, kwa kazi ya Eric Biederman. Mpaka wakati huo sehemu za kiini zilizotaka kuukumbuka mchakato zilikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuhifadhi namba, na hatari yake imekwisha elezwa. Ya pili ilikuwa kuushikilia mchakato mzima, ambapo hata ukifa mwili wake ulibaki kumbukumbuni, ukichukua takribani kilobaiti 10. Biederman alianzisha kitu cha tatu: muundo mdogo wa baiti 64 hivi, unaosimama kati ya namba na mchakato. Mwenye kuushika muundo huo hawezi kupelekwa kwa mchakato mwingine uliorithi namba. Mchakato wa asili ukiwa umekufa, muundo husema wazi kwamba hayupo. Wala mwili wa marehemu hauzuiliwi bila sababu.

5.0 Lugha ya Ukoo: Mzazi, Yatima na Msukule

Istilahi za michakato, tangu siku za mfumo wa Unix, zimejengwa kwa sitiari ya ukoo. Mchakato huzaliwa na mchakato mwingine; kuna mzazi na mtoto. Kiswahili kinaipokea sitiari hii bila taabu, ila kinaleta suala la upatanisho wa kisarufi. Nomino "mchakato" imo katika ngeli ya m-/mi-, wakati "mzazi" na "yatima" hupatanishwa kama viumbe wenye uhai. Je, isemwe "mchakato mzazi amezaa" au "mchakato mzazi umezaa"? Kwa kuwa neno kuu la kirai ni "mchakato", upatanisho wa "umezaa" ndio unaofuata kanuni. Neno la ukoo likisimama peke yake, kama katika "mzazi hajapokea taarifa", upatanisho wa uhai hurudi. Mwandishi anayezingatia tofauti hiyo humsaidia msomaji kujua lini sitiari inatawala na lini imewekwa kando.

Mzazi akifa kabla ya mtoto, mtoto huwa yatima. Kwa desturi ya Unix, yatima hulelewa na mchakato namba 1, ambao ndio mzee wa mfumo mzima. Toleo la 3.4 la Linux, lililotoka Mei 2012, liliruhusu mchakato mwingine katika ukoo kujitangaza kuwa mlezi wa wazao wake, ili yatima asipelekwe moja kwa moja kwa mzee wa mbali. Msomaji aliyekulia katika ukoo wenye baba wakubwa na baba wadogo hahitaji maelezo marefu kuhusu faida ya mabadiliko hayo.

Istilahi ya tatu ndiyo yenye mtego. Mchakato uliokufa lakini mzazi wake hajapokea taarifa ya kifo chake huitwa kwa Kiingereza kwa jina la zombi. Mfasiri wa Tanzania atavutwa kutumia neno "msukule", kwani ndilo linalotajwa kwa kawaida pale zombi wa filamu anapozungumziwa. Lakini maana zake zinapingana. Msukule, kwa imani inayojulikana sana nchini, ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe anafanyishwa kazi usiku na aliyemchukua. Amefutwa katika hesabu ya walio hai, lakini bado anafanya kazi. Mchakato zombi ni kinyume chake. Umekufa kweli, haufanyi kazi yoyote, hautumii zamu yoyote. Kilichobaki ni jina lake katika daftari, likingoja mzazi apokee habari za msiba na sababu ya kifo. Msukule hufanya kazi bila kuhesabiwa. Zombi wa kiini huhesabiwa bila kufanya kazi.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba zombi ni msukule atatafuta mchakato unaokula nguvu za mashine kwa siri, naye hataupata. Madhara halisi ya zombi ni kwamba namba yake haiwezi kutolewa tena, na zikizidi, namba zitakwisha. Kwa sababu hiyo istilahi kama "mchakato usiozikwa" ina ubora mkubwa zaidi: inaonesha kwamba kifo kimetokea, na kwamba kuna wajibu wa mzazi ambao haujatimizwa. Mfano huu unathibitisha kanuni inayosisitizwa na wanaistilahi, kwamba ufanisi wa neno la kienyeji hupimwa kwa dhana, wala haupimwi kwa uzoefu wa sikio pekee.

6.0 Namba Moja, Nyumba Nyingi

Toleo la 2.6.24, lililotoka Januari 2008, lilileta badiliko lililogusa maana yenyewe ya namba. Kabla yake, namba ya mchakato ilikuwa moja kwa mashine nzima. Tangu hapo iliwezekana kuunda maeneo ya majina, kila eneo likiwa na hesabu yake kuanzia 1. Mchakato ulio katika eneo la ndani una namba moja humo ndani na namba nyingine katika eneo la nje linaloliangalia. Walio nje huwaona walio ndani. Walio ndani hawawaoni walio nje. Maeneo yanaweza kupachikwa moja ndani ya jingine hadi ngazi 32. Msingi huu ni mmojawapo wa yale yaliyowezesha teknolojia ya makasha ya programu, ambayo ilienea sana baada ya Docker kutolewa mwaka 2013.

Kwa mwanaisimu, hapa namba imeacha kuwa jina pekee na imeingia katika kundi la maneno ambayo maana yake hutegemea msemaji. Neno "baba" humrejelea mtu tofauti kwa kila anayelitamka. Watoto wa nyumba mbili za Ilboru wakisema "baba amerudi", wanasema habari za watu wawili, na hakuna anayesema uongo. Vivyo hivyo, namba 1 humaanisha mzee wa eneo la anayeitaja. Kutokana na hali hiyo, swali "nani mwenye namba hii?" halijakamilika mpaka liongezewe "kwa mtazamo wa nani?" Kosa la kusahau nyongeza hiyo ni rahisi kutendeka: mchakato wa ndani hutuma namba yake kwa programu ya nje, na programu hiyo huisoma kana kwamba ni namba ya kwake.

7.0 Tarehe ya Kuzaliwa Iliyoandikwa Mapema

Kwa kuwa namba peke yake haikuaminika, baadhi ya programu ziliiongezea wakati wa kuzaliwa. Hoja ilikuwa hii: namba inaweza kurudi, lakini mchakato wa pili utakuwa umezaliwa baadaye, hivyo jozi ya namba na wakati haitajirudia. Ni mantiki ile ile inayofanya ofisi iulize jina na tarehe ya kuzaliwa. Hata namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania huanza na tarakimu nane za tarehe ya kuzaliwa.

Programu iitwayo Polkit, inayotumika katika mifumo mingi ya Linux kuamua iwapo mchakato unaruhusiwa kufanya kazi za msimamizi, ilifuata mantiki hiyo. Mtu akishathibitishwa, ruhusa yake hukumbukwa kwa muda, ikifungamanishwa na namba na wakati wa kuzaliwa wa mchakato wake. Mapema mwaka 2019 ilitangazwa kwamba kinga hiyo inaweza kuvukwa. Kasoro hiyo iliorodheshwa kwa namba CVE-2019-6133. Sababu ilikuwa katika mpangilio wa hatua za uzazi. Kiini kiliandika wakati wa kuzaliwa mapema, kisha kikaendelea na maandalizi mengine, na namba ikatolewa baadaye. Mshambuliaji aliweza kuusimamisha uzazi kati ya hatua hizo mbili. Mtoto alikuwa na tarehe ya kuzaliwa lakini hakuwa na namba. Mshambuliaji alisubiri mchakato aliokuwa akiuwinda ukwishe, akauzungusha mzunguko wa namba kwa kuzaa michakato mingi, kisha akauachia uzazi uendelee wakati namba aliyoitaka ilipofikiwa. Matokeo yake yalikuwa mchakato wenye namba na tarehe zilezile za marehemu, na kwa hiyo wenye ruhusa zake.

Ni kana kwamba cheti cha kuzaliwa kimeandikwa mtoto angali tumboni, na mama akawa na uwezo wa kuahirisha kujifungua kwa kadiri apendavyo. Marekebisho yaliyofanywa katika kiini, yaliyoingia katika toleo la 5.0 la Machi 2019, yalihusu mistari michache tu ya msimbo. Uandishi wa wakati ulisogezwa ukawekwa karibu na mwisho, muda mfupi kabla mchakato haujaonekana na wengine. Polkit nayo ilirekebishwa ili ilinganishe pia utambulisho wa mtumiaji.

8.0 Kishikio, na Maswali ya Mkaguzi

Mwaka huo huo, kwa kazi iliyoongozwa na Christian Brauner, wazo lililokuwa ndani ya kiini tangu 2006 lilifikishwa kwa programu za kawaida. Toleo la 5.1 la Mei 2019 liliruhusu kutuma ishara kwa kutumia kishikio badala ya namba. Toleo la 5.2 la Julai liliruhusu mzazi kupokea kishikio cha mtoto papo hapo anapomzaa. Toleo la 5.3 la Septemba liliwezesha kufungua kishikio cha mchakato uliokwisha kuwapo. Kishikio hicho, kinachoandikwa kwa herufi pidfd, kimefungamana na mchakato wenyewe. Ukifa, anayetuma ishara hujibiwa kwamba hayupo. Ishara haimfikii mrithi wa namba. Android ni miongoni mwa walionufaika: simu inapoishiwa kumbukumbu, programu maalumu huchagua michakato ya kufungwa, na kosa la kumfunga asiyehusika lingeweza kumkatizia mfanyabiashara wa Tengeru kazi aliyokuwa akiifanya. Toleo la 6.9 la Mei 2024 liliongeza alama ya kipekee kwa kila kishikio, ambayo katika mitambo ya biti 64 hairudiwi maadamu mfumo haujazimwa.

Mabadiliko ya namna hii hayaingizwi katika kiini bila kukaguliwa. Kiraka cha msimbo husomwa na wengine kabla ya kupokelewa, na kutokana na historia iliyoelezwa, mkaguzi wa kiraka kinachogusa namba za michakato ana maswali manne yasiyokwepeka. Je, namba inatolewa lini, na kuna nini kinachoweza kutokea kabla haijaonekana? Nani anaihifadhi, na kwa muda gani baada ya kuisoma? Inarudishwa lini ghalani, na je, kundi linaloitwa kwa namba hiyo limekwisha? Inasomwa kwa mtazamo wa eneo gani? Maswali hayo hayahitaji maajabu ya hesabu. Yanahitaji msomaji asiyechoka kuuliza jina hili ni la nani, na tangu lini.

Hapa ndipo wajibu wa istilahi unapoonekana. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa mwaka 2004, ulithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba menyu na maagizo ya programu za ofisini. Kazi ya kuieleza kompyuta kutoka ndani ni ngumu zaidi, kwa kuwa maneno yake hayaonekani kwenye kioo. Neno "kitambulisho" linavutia, lakini likitumika kwa PID na kwa pidfd pia, litafuta tofauti ambayo kazi yote ya tangu 2006 ilikusudia kuiweka. Linaweza pia kumfanya msomaji afikirie kadi ya taifa, ambayo namba yake ni ya mtu mmoja daima, ilhali PID ni ya kuazimwa. Pendekezo linalofuata mantiki ya dhana ni kutumia "namba ya mchakato" kwa PID, na "kishikio cha mchakato" kwa pidfd. Neno "kishikio" limenyambuliwa kutokana na "shika", na lina picha inayotakiwa: aliyeshika mpini wa jembe hahitaji kuuliza jina la jembe, na jembe likivunjika atajua.

9.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba namba ya mchakato ni jina la kuazimwa. Kwamba urefu wa mzunguko, unaotosha kuwalinda Wanandi dhidi ya mkanganyiko wa marika, hautoshi pale mzunguko unapoweza kuharakishwa. Kwamba kuongeza tarehe ya kuzaliwa hakukusaidia wakati tarehe ilipoandikwa kabla ya wakati wake. Na kwamba suluhisho limepatikana kwa kukiacha cheo cha jina na kumshika mwenye jina. Imeonekana pia kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kueleza yote hayo, mradi kila neno lipimwe kwa dhana yake, kama ilivyodhihirishwa na "msukule".

Vijana wanaosoma kompyuta katika Chuo cha Ufundi Arusha, na watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela huko Tengeru, hujifunza mambo haya kwa Kiingereza na kuyajadili kwa Kiswahili wakitoka darasani. Mjadala huo wa nje ya darasa ndio kiwanda halisi cha istilahi. Wataalamu wa Kiswahili wakichelewa kuufikia, maneno yatazoeleka yalivyo, pamoja na makosa yake; nalo neno lililokwisha kuzoeleka kwa dhana isiyo yake huitikiwa kila linapoitwa, na huwa vigumu kuliondoa.